Divai ya juu ya kabati

Solange mwanangu,

Ninakuandikia niko dukani, nyuma ya kaunta, saa tisa ya mchana. Jua ni kali na hakuna anayenunua kitu. Papa Paluku, mwenye duka, ameenda kusimamia wapakiaji wa lori, lile litakalokubeba kesho asubuhi mpaka Mitwaba, kwenye kazi yako ya ualimu. Ameniahidi kwamba utakaa mbele, karibu na dereva, si juu ya magunia. Basi nina saa moja ya amani, na karatasi hizi nimezichana kwenye daftari la duka. Usiangalie mwandiko. Shule niliiacha mwaka wa tano, na sababu unaijua, maana sababu yenyewe ni wewe.

Maneno ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutoazimisha shuka zako, dada yangu, tantine wako Georgette, amekwambia tayari, na nina hakika atakwambia tena kesho hata lori likiwa linatembea. Mimi sitayarudia. Nina jambo lingine.

Tangu Jumapili unanijibu "ndiyo, mama" na "hapana, mama", kama vile unamjibu mkaguzi wa shule. Leo ni Jumatano. Sitaki upande lori na ile Jumapili ndani ya mizigo yako. Nilikukosea mbele ya watu na mpaka sasa sijakuomba msamaha. Na siwezi kuuomba vizuri bila kukueleza ile chupa ya juu ya kabati ilikuwa nini, kwa sababu juu ya ile chupa nilikudanganya miaka mingi.

Ulipokuwa na miaka saba ulipanda kiti ukaigusa, nikakupiga mkono. Ukalia, kiisha ukauliza ni ya nani. Nikasema: "Ni ya siku yako kubwa." Jibu lile lilikupendeza, ukaenda kuwaambia watoto wa jirani kwamba wewe una divai. Nikaona ni jibu zuri, nikaliacha likae. Lakini haikuwa yako, Solange. Ilitoka kwa watu wa baba yako.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, tumbo la miezi mitano, wakati wajomba zake wawili walipokuja nyumbani kwetu Katuba kujitambulisha. Walileta kreti ya soda, zile sucré, kitenge cha mama yangu, na chupa moja ya divai nyekundu yenye picha ya nyumba kubwa ya wazungu. Nkambo yako, baba yangu, alikuwa bado anafanya kazi kwenye karakana ya reli, sawa baba yake aliyetoka kaskazini, na alikuwa mtu wa utaratibu. Sucré zilinywewa. Kitenge mama alikipokea. Chupa, nkambo aliishika, akaigeuza, akasimama akaiweka juu ya kabati. Kwetu unajua vile iko: kinywaji cha wakwe kikifunguliwa, neno limekubaliwa.

Akawaambia: "Hii hatufungue leo. Siku mutarudia na mambo yote ya mahari, tutaifungua pamoja, na mutoto atakuwa na baba."

Wajomba walicheka, wakasema mwezi ujao. Baba yako alikuwa amekaa nyuma yao, anaangalia viatu vyake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Na mimi nilivipenda mpaka vile viatu.

Hawakurudi. Baba yako aliingia Kambove kuchimba madini na wenzake. Mwaka wa kwanza alikuja mara tatu, akakubeba, akakuimbia wimbo wa kwao ambao sikuuelewa. Mwaka wa pili alikuja mara moja. Kiisha tulisikia kwamba ana nyumba huko, ana mke na watoto. Si mtu mbaya. Hakurudi, basi. Mimi njo nilibaki ninasikiliza kila pikipiki iliyosimama karibu na mlango wetu, na kuna siku ulikuwa na homa nikakuacha na mama yangu ili nikae nje, kwa sababu mtu mmoja alikuwa amesema amemwona mjini. Ulikuwa na miaka mitatu. Hukumbuki, na mimi ningependa nisikumbuke.

Nkambo alipokufa, ndugu zangu waligawana kitanda, redio na sahani. Mimi niliomba chupa. Mama yangu akanitazama sana. "Na ile utafanya nayo nini?" Nikasema ni divai ya bei, na divai ikizeeka inakuwa nzuri. Hilo la pili nilikuwa nimelisikia kwa watu. La kwanza nilijitungia mwenyewe. Leo, baada ya miaka tisa ya kuuza vinywaji, naweza kukwambia ilikuwa divai ya kawaida kabisa, ile ya kunywa mwaka uleule.

Sasa ngoja nikueleze vile nilipata kazi hii, maana hujawahi kusikia mwanzo wake. Papa Paluku anauza divai lakini haionji. Kwao Butembo, katika kanisa lao, pombe haigusi mdomo. Anazishika chupa sawa mtu anayeshika mtoto wa mwenzake, kwa uangalifu, na akitamani kumrudisha haraka. Mimi nilikuja hapa kusafisha sakafu na kupanga kreti. Siku moja zikafika katoni mpya, akaniita.

"Mama Solange, weye uko Mukatoliki?"

Nikasema ndiyo.

"Basi, onja."

Hivyo njo nilianza kulipwa kwa ulimi wangu. Na ulimi wenyewe haukujua kitu. Nilikuwa nasema "iko muzuri" kwa kila chupa, naye anaandika "nzuri" kwenye daftari lake.

Mpaka mwaka mmoja, mwezi wa kumi, joto lile la kabla ya mvua, mzigo wetu ukakwama mpakani Kasumbalesa siku tisa, kwenye foleni ya malori, chini ya turubai. Tulipofungua katoni tulikuta vizibo vimepanda, vimetoka nje ya chupa kidogo, na nyingine zimelia, utomvu mwekundu umeshuka mpaka kwenye karatasi. Papa Paluku akaanza kurudisha vizibo kwa kidole gumba. Ndani ya duka alikuwemo mzee Célestin, yule mpishi wa zamani wa mainjinia, ambaye kila mwisho wa mwezi ananunua chupa moja tu na kuichagua kwa nusu saa. Akachukua mkono wangu, akaweka kidole changu juu ya kizibo.

"Sikia. Imepanda. Hii divai imepikwa, mama. Ulishaona supu inarudia kuwa nyanya?"

Mengine alinifundisha kidogo kidogo, akiwa amesimama palepale na chupa yake kwapani. Kwamba kwa barabara zetu chupa ya kifuniko cha kuzungusha ni afadhali kuliko ya kizibo. Kwamba nichague ya mwaka wa karibu, niache ya zamani kwa watu wenye vyumba chini ya ardhi. Kwamba niilaze chini kwenye sima, sakafu ya simenti, nyuma ya magunia, mahali ambapo hata panya anaona baridi, na nisisimamishe kitu dirishani isipokuwa chupa tupu. Nikamuuliza juu ya yale maneno ya kwenye karatasi ya chupa, kwamba divai nyekundu inywewe na joto la chumba. Akacheka mpaka akakohoa.

"Chumba yao iko na baridi. Yako iko na mabati."

Siku ile nilitia chupa kwenye firigo nusu saa kabla ya kuonja. Umeme ukikatika, ndoo ya maji na kitambaa kilicholowa kinatosha. Ile ladha ilinishangaza. Haikuwa chungu. Ilikuwa na kitu cha matunda, na mdomo ulibaki safi. Nikaelewa kwamba watu wengi wa mji huu wamekunywa divai ya moto maisha yao yote, halafu wanasema divai nyekundu ni kali, wanarudi kwenye bia. Sasa wengine wanatoka mbali, wanasema wanamtaka yule mama wa firigo.

Lakini nilipoanza kujua, nilianza pia kuwa mbaya. Hilo lazima nikwambie. Kijana mmoja alikuja na mchumba wake. Alichagua chupa kwa kutia kidole gumba kwenye shimo la chini, unajua vile wanavyofanya, shimo likiwa refu wanasema divai ni ya wakubwa. Kiisha akaomba na Coca mbili za kuchanganya. Mimi nikacheka. Nikamwambia, msichana akisikia, kwamba afadhali achanganye na maji ya mto, itakuwa bei rahisi. Msichana akacheka pia. Kijana akaiweka chupa chini polepole, wakatoka. Hakurudi tena dukani. Papa Paluku hakunigombeza. Alisema tu: "Ulimi iko yake." Nililala na neno lile wiki nzima. Mtu alikuwa amekuja kununua furaha yake, nami nimemvua mbele ya mchumba ili nionekane najua.

Nilifikiri nimejifunza, kumbe Jumapili nilikufanyia wewe jambo lilelile.

Na kuna kosa langu kubwa zaidi. Kila siku wanakuja watu wanaotaka chupa ya kuweka kwenye kabati la salon ya nyumbani, ya kuangaliwa na wageni. Na kila siku ninawaambia: "Papa, divai hii haikungojee. Kunywa mwaka huu. Juu ya kabati, chini ya mabati, itakufa." Nimesema hivyo labda mara elfu. Kiisha saa kumi na mbili ninafunga duka, ninarudi nyumbani, ninachukua kitambaa, ninapanguza vumbi kwenye ile yetu. Imesimama wima, chini ya mabati, miaka kumi na minane. Sijui nikueleze namna gani, Solange. Dukani nilijua. Nyumbani sikujua.

Jumapili, kwenye sherehe ya kukuaga, ulikuwa umevaa ile robe, gauni lako la bluu. Mbuzi alikuwa ameiva, bukari ya unga wa mahindi iko mezani, na sombe ya tantine ya majani ya muhogo, wanakwaya wote wamekaa, na mimi nikasimama kwenye kiti nikaishusha. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Kizibo kilikatika, nusu ikaingia ndani. Nilipomimina, rangi ilikuwa ya chai. Harufu niliisikia kabla ya mtu yeyote, nakuapia, nilikuwa wa kwanza kuisikia. Nikaendelea kumimina. Tantine akanywa akasema iko ya nguvu. Mkubwa wa kwaya akasema inaonekana ni ya zamani kabisa. Wote walikuwa wananihurumia, nami nilikuwa nawashukuru kwa huruma yao.

Wewe ukaweka kikombe chini.

"Mama, hii imekufa. Weye mwenyewe njo ulinifundisha."

Hukusema kwa ubaya. Ulisema kwa sauti ya mtu anayetaka kumzuia mwenzake asinywe kitu kibaya. Na mimi, mama yako, nikakujibu yale uliyoyasikia: kwamba mshahara wa kwanza hujaupata na tayari unataka kuwa mwalimu wangu, kwamba tangu ulipozaliwa unaniharibia siku zangu, kwamba utoke, na kama unataka kwenda Mitwaba, uende hata saa ile ile.

Neno la katikati njo linaloniuma. Si kweli. Sikuwahi kulifikiri, hata siku zile ngumu kabisa. Lilitoka mahali ambapo lile neno lako "imekufa" lilikuwa limegusa. Wewe ulisema juu ya divai. Mimi nilisikia juu ya baba yako, na juu ya yule msichana aliyekaa nje anasikiliza pikipiki. Huo haukuwa mzigo wako. Nakuomba unisamehe. Naandika hapa kwa sababu mdomo wangu unajua kupima divai lakini kuomba msamaha haujazoea.

Nami ni mama yako bado, kwa hiyo nitasema na hili. Ulipotoka uliubamiza mlango mbele ya wageni, ukamwacha tantine na sahani mkononi, yeye aliyeamka saa kumi ya asubuhi kutwanga sombe. Hilo hapana. Huko Mitwaba utakuwa na wakubwa wa shule, na mapadri, na wazazi watakaosema mambo ya ajabu. Kweli uiseme sawa ulivyoisema Jumapili, wazi, bila kunong'ona. Tantine anasema ungeninong'oneza. Ungeninong'oneza nisingesikia. Lakini mlango uufunge polepole.

Jumatatu asubuhi, ulipokuwa kwa fundi wa nguo, nilichukua ile chupa na iliyobaki ndani nikaimwaga kwenye mfereji wa nyuma. Nilikuwa nimejitayarisha kulia. Nilifunga hata mlango wa uani ili jirani asinione. Haikuchukua hata dakika moja. Iliteremka, nzi wakaja, ikaisha. Na badala ya kulia, nilisikia njaa. Nilikula bukari ya jana na sombe baridi, nimesimama, kwa mkono, sawa mtu aliyemaliza kulima. Kiisha nikalala mchana, mimi ambaye silali mchana. Tangu siku ile mabega yangu ni mepesi. Pikipiki zinasimama mtaani na mimi ninaendelea kupepeta mchele. Unajua ni miaka mingapi?

Ungeweza kufikiri kwamba nina huzuni juu ya chupa, au kwamba nimekasirika bado. Hapana. Nimechoka, ndiyo, macho yangu unayaona. Lakini nimepumua. Ungekaa kimya Jumapili, ningeirudisha ile nusu juu ya kabati. Najijua.

Kuna siku nyingine ninayoifikiria hapa kaunta. Mwezi wa saba, matokeo yako ya diploma yalipotoka, wakati wa mashika, ile baridi ya kuvaa makoti mawili. Papa Paluku alinipa chupa ambayo karatasi yake ilikuwa imechanika, hawezi kuiuza. Tulikaa wewe na mimi kwenye ngazi ya nyuma, jua la saa kumi miguuni. Mashika yalikuwa yamefanya kazi ya firigo. Tulikunywa kwenye vikombe vya chai, kidogo kidogo, na kalanga za kukaanga. Ukanusa, ukafumba macho, ukasema inanuka mapera yaliyoangukia majani. Ukaniigiza vile ninavyoongea na wateja, mkono kiunoni. Nilicheka mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ukuta kama kuna habari. Nikamjibu kwamba hakuna kitu. Mwanangu, kilikuwepo. Nilikuwa na siku kubwa mkononi, na bado nilikuwa nahifadhi nyingine ndani ya nyumba.

Mitwaba usinunue divai. Najua vile itakuwa: chupa mbili kwenye duka, pembeni ya betri na sabuni, zinakula jua tangu Pasaka. Utaona huruma, au utanikumbuka, utataka kununua. Acha. Wakikupa munkoyo wa mahindi, wa siku ileile, kunywa huo, utamu wake ni wa leo. Siku ukishuka likizo, nitakuwa nimelaza moja kwenye sima.

Na kuna watu watakaokuachia vitu uwatunzie. Una miaka kumi na minane na una sura ya mtu wa kutunza. Nimekulea hivyo, kosa ni langu. Kijana atakuachia koti lake, au simu, au neno tu, atasema anarudia. Sikwambii ukatae. Mimi si mtu wa kukuambia habari za vijana. Lakini muulize: mpaka siku gani? Mwambie ataje siku. Na ile siku ikipita bila yeye, usimlaani, usimwandikie, wala usikae nje na mtoto wako ana homa. Endelea na kazi yako. Mimi sikuuliza siku. Nkambo pia hakuuliza, pamoja na utaratibu wake wote. Alisema "siku mutarudia", na wale wajomba walijua kwamba neno lile halina mlango wala ukuta.

Kama siku moja utataka kumwona baba yako, ni haki yako. Mjomba wangu wa Likasi anajua anapokaa. Usiende kwa ajili yangu, na usimpelekee salamu ambazo sikukutuma. Nenda kwa ajili yako.

Papa Paluku amerudi sasa hivi. Amesema mizigo imefungwa, na kwamba dereva si mlevi, amempima yeye mwenyewe kwa kumnusa. Ameniona ninaandika, ameuliza ni orodha ya nini. Nimesema ni barua ya mtoto. Akatoa kofia, sijui kwa nini, akaenda kukaa nyuma.

Nilikuwa na wazo la kuficha barua hii katikati ya nguo zako, uikute Mitwaba, wakati nitakuwa mbali na uso wako. Nimebadilisha wazo. Nitakupa mkononi leo jioni, nitakaa kwenye kiti mbele yako mpaka uimalize. Ukiwa na neno la kuniambia, liseme lote, hata kama ni lile linalostahili kusemwa kwa sauti kubwa, hata mbele ya tantine. Sitakwambia utoke. Sitainuka kwenye kiti kabla hujamaliza.

Nafunga duka sasa, leo mapema. Ninakuja.

Mimi mama yako,
Véronique